Vitanda vya Wasichana wa Mto

Nyinyi mnaoajiriwa umatroni siku hizi mnapelekwa kozi Nairobi, mnarudi na beji shingoni, kisha mnakuja kukaa hapa Mwingi kwa bibi yenu na kuniuliza, "Susu Penina, siri ya kazi hii ni nini?" Nikiwajibu mnacheka. Haya, chekeni tena: ni sinia. Mambo ya shuka, sabuni na kufunga geti mtayajua wenyewe. Lakini nani anakula na nani, hapo ndipo bweni husimama au huanguka. Mimi nilifundishwa hilo Garissa, na nusura linitoe roho.

Nilivuka daraja la Tana mwanzoni mwa miaka ya tisini na sanduku moja la bati, watoto wangu nimewaacha kwa mama. Bweni letu lilikuwa la shirika dogo la wenyeji. Wasichana walisoma shule za msingi za pale mjini na kulala kwetu. Walitoka Diff, walitoka Tarbaj, walitoka mahali ambapo hata dereva wa lori huuliza njia. Huko ukijenga shule leo, kesho mvua inanyesha kwingine, wazazi wanafungasha, na mtoto anaondoka na ngamia akiwa amefika herufi ya tano. Ndiyo maana bweni likawepo.

Siku yangu ya kwanza nilipika ugali na kabeji. Kwetu hicho ni chakula cha heshima, nami niliikaanga kabeji na nyanya mpaka ikanukia. Wasichana wakaitazama, kisha wakanitazama mimi. Mmoja mrefu, mwembamba, macho makavu, akainua mkono.

"Mama Benina," akasema, maana 'p' ya jina langu ilikuwa haipiti kwenye ndimi zao, "hii ni majani. Sisi iko mbuzi?"

Bweni zima likaangua kicheko. Huyo ndiye Sahara, binti wa Haji Dubow, mfanyabiashara wa ng'ombe mwenye boma lake Balambala na kiti chake kwenye kamati ya wilaya. Nilitamani ardhi inimeze, mimi na sufuria yangu. Hata hivyo nilimpenda tangu siku hiyo, kwa sababu mtoto anayekwambia ukweli mbele ya watu hakusumbui nyuma ya mlango.

Aliyeniokoa ni mpishi, Habiba. Kila mtu alimwita Eddo, yaani shangazi, hata watu waliomzidi umri. Alinifundisha kupika mchele wa watu wengi kwa sufuria moja bila chini kuungua na juu kubaki mbichi: unapunguza moto mapema kuliko moyo unavyokuambia, unaweka makaa juu ya kifuniko, kisha unaondoka, unakwenda kufanya kazi nyingine, kwa sababu ukibaki pale utafunua tu. Alinifundisha kufukiza vyombo vya maziwa kwa moshi ili yasiharibike na lile joto. Na alinikataza kuwahesabu wasichana kwa kuwanyooshea kidole. "Mtoto ya watu hahesabiwi kama mbuzi ya kuuza," akaniambia. "Hesabu fikombe." Basi nikawa nahesabu vikombe, mpaka nilipostaafu.

Sasa, habari ya sinia. Kule watu hawali kila mmoja na sahani yake. Chakula kinamwagwa kwenye sinia moja, wasichana watano au sita wanaizunguka, kila mmoja anakula upande wake. Mwanzoni niliwaacha wakae wapendavyo, na walivyopenda ni kila mmoja na watu wa ukoo wake. Wa Diff kwao, wa Tarbaj kwao. Na pale karibu na mlango, kwenye upepo na vumbi, walikaa wasichana watatu peke yao: Zaituni, Rukia na Maryam. Hao walikuwa mabinti wa wakulima wa ukingo wa mto, jamii ndogo, Waislamu kama wenzao, lakini watu wa jembe. Wafugaji waliwatazama kwa jicho la chini, nao walizoea hata kuwapisha njiani.

Ugomvi uliotokea siku moja kwa ajili ya ndoo ya maji, acheni tu. Nilitenganisha wasichana nikapoteza kiatu. Nikakaa jikoni nikilia, nikimwambia Eddo kwamba nitabadilisha vitanda vyote upya.

"Wacha fitanda," akasema Eddo, akichagua mchele. "Mtu akilala hajui jirani yake. Banga sinia."

Nikapanga. Kila sinia nikaweka wa Diff, wa Tarbaj, wa Balambala, na wale wa mto nikawagawa. Siku za kwanza walisusa, walikaa wakatazama chakula kikipoa. Kisha njaa ikawashinda mmoja mmoja. Ajabu ilikuwa sinia moja tu iliyokula tangu siku ya kwanza, na hiyo ndiyo niliyowaweka Sahara na Zaituni. Sahara alimsukumia Zaituni upande wenye nyama. Nikajisifu kwamba nina mkono wa kupanga watu. Kumbe.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu mambo haya bado mnayabishania redioni kama kwamba yameanza jana.

Shirika lile halikuwa na uwezo wa kujiendesha. Serikali ililipa ruzuku: mchele, maharage, kuni, na mishahara ya Eddo na yangu. Shirika nalo lilikuwa na utaratibu wake. Vitanda vingi vilikuwa vya mabinti wa wafugaji, na vichache vilitengwa kwa jamii ndogo za mto, ambazo zilikuwa hazijawahi kufikisha msichana hata mmoja darasa la nane. Zaituni alikuwa darasa la nane mwaka huo. Yeye ndiye angekuwa wa kwanza. Hapo ndipo ikatangazwa kwamba serikali inapunguza matumizi, na kwamba kabla ya ruzuku kuendelea kamati ya wilaya itaitisha baraza, kila mtu aseme kama pesa ya umma inafaa kwenda kwa mashirika ya namna ile.

Mungu wangu, mji uliwaka! Huendi kununua chumvi bila kuulizwa upande wako.

Jumapili nikitoka kanisani alinishika Mwalimu Kariuki, mtu wa Murang'a, naibu wa mwalimu mkuu. "Penina," akasema, "mtoto wa ndugu yangu amekosa karo, yuko nyumbani anachunga ng'ombe wa watu. Nani alimtengea kitanda? Serikali ijenge shule zake. Shirika likitaka kusaidia wasichana, lijitafutie." Mwanangu Mutua naye alikuwa nyumbani Mwingi wiki hiyo hiyo kwa sababu ya karo, na mimi naosha vikombe vya watoto wanaolishwa na serikali. Msidhani mwenye hoja tofauti na yenu ni mtu mbaya. Wengine wana kidonda chao.

Sokoni mama muuza miraa akaniwashia moto kutoka upande mwingine. "Wale watu ya mto iko shamba, iko ndizi, iko maji mlangoni. Sisi ngamia imekufa na ukame. Halafu kitanda inatengewa wao? Kwa nini?"

Na Hawa, mama yake Zaituni, alipokuja na lori la ndizi kumwona mwanawe, nikamuuliza yeye anaonaje. Alikuwa mwanamke mfupi, mikono imekakamaa, sauti ya chini. Akasema, "Mama Penina, nikilipa ushuru wa soko hakuna anayeniuliza mimi kabila gani. Nikiomba kitanda kimoja cha mtoto, ndiyo naulizwa." Akapanga ndizi zake.

Kisha akaja Haji Dubow. Alifika saa ya chakula cha mchana, kikoi cheupe, bakora mkononi, akasimama uani akitazama zile sinia. Alimwona binti yake. Akaona mkono wa nani uko kwenye sinia pamoja na wake. Akaingia ofisini kwa mkubwa wetu, Bwana Abdinoor, nami nikapeleka chai, na nawaambia ukweli, niliimimina polepole makusudi.

"Ruzuku itabaki," Haji alikuwa akisema. "Mimi mwenyewe nitaisimamia kwenye kamati, na wanaoipinga nitawanyamazisha. Lakini vile vitanda vya mto virudi kwa wenyewe. Watu wangu wanauliza, na mimi sina jibu la kuwapa."

Alipoondoka, Abdinoor alibaki ameshika kichwa. Alikuwa mtu mwema, msimdhanie vingine. Alianzisha bweni lile kwa kubisha hodi milangoni mwa watu.

"Mama Penina, nifanye nini? Nikikataa, ruzuku inakatwa, wote wanarudi kwao kabla ya mtihani. Nikikubali, ni watatu tu."

"Watatu tu," nikasema.

"Usinitazame hivyo."

"Sijakutazama, Bwana. Natazama chai." Nikatoka, na zile sahani za vikombe zikilia njia nzima hadi jikoni.

Siku ya wazazi iliyofuata mke wa Haji, Shamsa, alikuja kutoka Balambala kama kawaida yake, amebeba kibuyu cha maziwa ya ngamia kilichosukwa kwa nyuzi, kinanukia moshi. Mwanamke mrefu kama bintiye, mtaratibu, hajawahi kunipandishia sauti. Na kama kawaida yake, alinipa kile kibuyu akasema maneno mawili tu: "Ya wawili." Nikawaita Sahara na Zaituni wakanywa, yeye amesimama anawatazama mpaka tone la mwisho. Siku zote nilidhani ni ukarimu. Siku hiyo, na yale niliyoyasikia ofisini bado yananiwasha masikio, nikamfuata Eddo.

"Eddo, kwa nini mke wa Haji analeta maziwa ya Zaituni?"

Eddo akafunika sufuria. Akatazama mlangoni. "Wewe mtu ya Kenya maswali yako hayaishi," akasema. Ndivyo walivyotuita watu wa bara, kana kwamba Garissa iko nchi nyingine. Lakini aliniambia.

Sahara alizaliwa mwaka wa mvua kubwa. Haji alikuwa safarini na ng'ombe, barabara zimekatika, gari halipiti. Shamsa akashikwa na homa ya uzazi, maziwa yakakauka, na mtoto analia mpaka sauti ikaanza kupotea. Hawa alikuwa jirani yao kule Balambala, shamba lake kando ya boma, amejifungua Zaituni majuzi tu. Akamchukua yule mtoto wa mfugaji akamweka titi la pili. Alimnyonyesha mpaka mvua zikaisha, na baadaye pia, kwa sababu maziwa ya Shamsa hayakurudi. Haji aliporudi alimkuta mtoto mnene, mama mzima, akamshukuru Mungu. Hakuna aliyemweleza. Shamsa aliogopa. Wanawake wa mtoni wakafunga midomo, na wakaiweka siri ile miaka yote.

Mnaelewa maana yake kwa dini yao? Wale wasichana ni ndugu wa ziwa moja. Mama yake Zaituni ni mama wa Sahara kisheria, kiasi kwamba Sahara hawezi kuolewa na kaka zake Zaituni milele. Si urafiki, si ukarimu. Ni undugu.

Nikaruka. "Basi yamekwisha! Naenda kumwambia Haji sasa hivi."

Eddo akanishika leso. Alikuwa na nguvu kama mwanamume. "Huo mdomo si yako," akasema. "Ukisema wewe, mgeni, Mkristo, atasema ni uongo, na Shamsa ataumia bure. Ni yake. Akitaka aseme, asipotaka afe nayo."

Nikamkuta Shamsa nje ya geti akingoja lori. Nikamwomba. Nilimwomba kama ninavyoomba Mungu. Nikamwambia baraza ni wiki ijayo, na Zaituni ataondolewa, na aliyeshika panga ni mumewe.

"Najua," akasema.

"Basi sema neno!"

Akanigeukia, na kwa mara ya kwanza nikaona hasira yake. "Mama Benina, wewe ukisema, kesho unafanya kazi yako. Mimi nikisema, kesho nalala wapi?"

Nilirudi ndani na ghadhabu, sijui namghadhibikia nani: yeye, Haji, kamati, au Mungu aliyenipa siri isiyo yangu.

Siku ya baraza walijaa uwanja wa mbele ya ofisi ya D.O., mkuu wa tarafa, mpaka wengine wakakaa juu ya ukuta. D.O. mwenyewe alikuwa kijana kutoka bara, shati limelowa jasho, mezani chupa ya maji imeshapata moto. Wazee walikaa mbele, sheikh wa msikiti katikati yao, wanawake wamejitenga upande mmoja na buibui zao. Wasichana wetu tuliambiwa tuwalete, tukawakalisha chini mbele kabisa, watu wote wanawatazama kama wanyama wa mnada. Hilo lilinikera kuliko yote.

Mwalimu Kariuki alisema yake, na akasema vizuri, watu wakaafiki kwa vichwa. Mzee mmoja akasema shirika lisilo la serikali lisile cha serikali. Mwingine akasema bila shirika serikali ingefika Diff lini? Wakazomeana. D.O. akapiga meza. Kisha akaniita mimi matroni nieleze bweni linavyoendeshwa. Nikasimama. Nikaeleza chakula, nikaeleza usafi. Na ile siri ilinijaa mdomoni mpaka nikahisi ladha yake. Nikamtafuta Shamsa upande wa wanawake. Alikuwa ameinamisha uso. Nikaimeza siri, nikasema, "Bwana D.O., wasichana hawa wanakula sinia moja na hakuna aliyekufa," nikakaa. Watu wakacheka. Nilijiona mjinga.

Haji Dubow akasimama. Alikuwa msemaji yule, sauti yake haikuhitaji kipaza. Akasema ruzuku iendelee, bweni ni zuri, binti yake mwenyewe yumo. Watu wakashangilia. "Lakini," akasema, "vitanda vya kutengewa watu wa mto viishe leo. Mgeni hukaribishwa, hagawiwi nyumba. Wale wasichana watatu wana nani hapa? Wana ukoo gani hapa? Warudi kwa wazazi wao, na kitanda kipewe mtoto wa mwenye haki."

Nikamtazama Zaituni. Alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, hatingishiki. Abdinoor aliinua mkono kuomba nafasi, na nikajua anakwenda kukubali.

Ndipo nikasikia upande wa wanawake minong'ono. Shamsa alikuwa amesimama. Mwanamke kusimama barazani mumewe akiwa ameshika neno, hilo lilikuwa halijaonekana pale. Alisema kwa Kisomali, na kwa wakati ule nilikielewa vya kutosha kula njama na mpishi, kwa hiyo hakuna neno lililonipita.

"Haji, umeuliza wana nani hapa. Yule wa katikati ana dada hapa. Dada yake ni Sahara."

Haji akacheka kidogo, kama mtu asiyesikia vizuri. "Kaa chini, mama Sahara."

"Mwaka wa mvua nilikauka maziwa. Wewe ulikuwa safarini. Hawa ndiye aliyemnyonyesha mtoto wako."

Sheikh akainua kichwa, akauliza lile ambalo sheria inauliza. "Alinyonya akashiba mara ngapi? Zilifika tano?"

"Sheikh," akasema Shamsa, na sauti ikampasuka, "mtoto aliota meno kwenye titi la Hawa!"

Hawa alikuwa nyuma kabisa, na wauza ndizi wenzake. Watu wakageuka wote kumtazama. Alijifunika uso kwa ushungi, lakini hakukana. Sheikh akaitikia kwa kichwa taratibu, akasema basi hao ni ndugu, na hakuna la kuongeza.

Nawaambia wanangu, sijawahi kuona uso wa mtu ukizeeka mbele yangu kama wa Haji siku ile. Alisimama na bakora yake. Nilimchukia mpaka dakika ile, na dakika ile nikamhurumia. Kisha akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kuchoka, "Kama ni hivyo, Zaituni abaki. Kitanda chake ni juu yangu mimi, si juu ya serikali. Wale wawili waende."

D.O. akashusha pumzi. Mngeiona ahueni imemjaa usoni. "Vizuri sana, Haji. Basi jambo limepata ufumbuzi." Akashika kalamu. Na nitawaambia aibu ya watu wazima: nami nilishusha pumzi. Nikasema moyoni, asante Mungu, angalau mmoja.

Zaituni akasimama.

Sijui kama mnajua maana ya msichana wa mto kusimama mbele ya wazee wa kifugaji bila kuitwa. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mama yake ile ile. "Na Rukia?" akauliza. "Na Maryam? Wao mama zao hawakumnyonyesha mtoto wa mtu yeyote. Watasoma kwa titi la nani?"

Akawashika mikono wenzake, akawainua, wakatoka kwenye kundi wakasimama kando, njia ya kwenda kwenye geti. Walisimama pale watatu, kama watu wanaongoja gari. D.O. akasema, "Wewe msichana, keti, umeshasaidiwa." Hakuketi.

Kisha Sahara, yule wa macho makavu, aliyeniuliza kama yeye ni mbuzi, akainuka akapangusa vumbi kwenye nguo. Akapita mbele ya baba yake bila kumtazama, akasimama kando ya Zaituni.

"Sahara!" akaita Haji.

"Aabo, si umesema watoto wa mto watoke?" akasema. "Mimi mama yangu mmoja ni wa mto. Nimetoka."

Hakusema kwa ufidhuli, alikuwa analia. Lakini hakurudi. Haji alimtazama binti yake amesimama upande wa wanaofukuzwa. Akaketi. Abdinoor akashusha ule mkono wake uliokuwa unaomba kukubali. D.O. akaangalia huku na huku akitafuta mtu wa kumalizia maneno, asimpate, akasema baraza limeahirishwa. Halikuitishwa tena. Aliyekuwa anasukuma jambo lile kwenye kamati alikuwa Haji, naye hakuligusa tena, na wengine wakaogopa kuligusa. Mchele ukaja mwezi uliofuata kama kawaida. Zaituni, Rukia na Maryam wakabaki kwenye vitanda vyao.

Nyinyi vijana mkiandika ripoti mtaishia hapo. Mtasema mjadala uliisha salama, ruzuku ikaendelea. Mimi nikisikia mambo kama hayo damu inapanda, kwa sababu siku chache baada ya baraza niliamka nikamkuta Shamsa amekaa nje ya geti na kifurushi. Haji hakumpiga wala hakumwacha. Alimwambia tu aende kwa kaka yake, na mke wa kaka yake alimfanya ajione mzigo. Swali lake la getini nililikumbuka vizuri sana. Eddo akamletea leso ya jikoni, akamwonyesha mchele unapochaguliwa.

Shamsa akawa mwenzetu wa jikoni. Mke wa tajiri wa ng'ombe akawa anapakua maharage, na hakulalamika hata siku moja, ila alikuwa na neno moja. Sinia alizipanga yeye. Nilimwachia.

Siku ya wazazi ya mwisho kabla ya mtihani, jua kali, akatokea Haji Dubow getini kwa miguu, bakora mkono mmoja, mkono wa pili kile kibuyu cha nyuzi ambacho mkewe alizoea kuleta. Wanaume wale hawabebi maziwa barabarani. Watu walikuwa wanamtazama, naye alijua. Alikuja mpaka mlango wa jiko akasimama. Mimi nikataka kuondoka, Eddo akanikanyaga mguu nibaki.

Shamsa alikuwa ndani, mikono yote imejaa unga. Walitazamana. Alikuwa amekonda yule mzee.

"Nimeleta maziwa," akasema.

Shamsa akapangusa mikono. "Ya wangapi?"

Haji akageuka akatazama uani, zile sinia zote na vichwa vya wasichana vimezizunguka. Ile bakora ilikuwa inachimba chimba mchanga.

"Ya wote," akasema.

Shamsa akakipokea kibuyu. Nami nikaenda kuhesabu vikombe.